Kabla ya Sanduku, Ulizeni Bima



Leo sizungumzi mitindo. Najua kuna wanaosubiri niseme kama lesi imerudi msimu huu (imerudi, tena kwa nguvu, lakini hiyo tuiweke kando). Wiki iliyopita alikuja dukani kwangu hapa Amu binti wa miaka 22, pamoja na mamake na shangazi zake wawili, kupimwa gauni la siku ya kupamba. Mimi napima, wao wanaendelea na hesabu ya sanduku. Abaya ngapi, manukato ya aina gani, viatu, leso doti ngapi, dhahabu ya shingoni na ya mkononi, udi utatoka wapi. Wallahi hakuna kilichosahauliwa, hata vibanio vya nywele vilitajwa. Nami kwa mdomo wangu huu usiotulia nikauliza, "Na bima ya afya, nani ataisimamia?"

Kimya. Halafu shangazi mkubwa akacheka kidogo, akasema, "Mwanangu, wewe shona. Maradhi usiyaite siku za furaha."

Sikumjibu, kwa sababu ni mtu mzima na kwa sababu mdomo wangu ulikuwa na pini. Haya ninayoandika ndiyo jibu lenyewe, na naomba likimfikia asinikasirikie.

Nina mdogo wangu, aliolewa mwaka 2018 upande wa Kizingitini, kisiwa cha Pate. Gauni lake nilishona mimi. Sanduku lake nililipanga mimi kwa mikono yangu, abaya 12, kila moja na mtandio wake. Mwaka uliofuata akaja Amu kwenye harusi ya binti khalati yetu, mimba ya miezi saba, ya kwanza. Akaniletea dira lake la kitambaa cha hariri nililomshonea, akasema linambana mikono. Nikampima. Mikono ilikuwa imevimba, na uso pia umejaa, pete ya ndoa haitoki kidoleni. Akaniambia kichwa kinamuuma tangu juzi, nikamwambia ni joto na kelele za ngoma. Nikafumua mshono wa mikono, nikaachia inchi nzima kila upande, nikamrudishia nguo. Alifurahi. Alipendeza, kusema kweli.

Siku ya tatu baada ya kurudi kwao akapata degedege.

Kina mama wengi hapa kwetu wakiona mwenye mimba anatupa mikono na macho yamegeuka husema ni shetani, na mtu wa kwanza kuitwa si daktari. Kwa bahati mama mkwe wake hakuwa hivyo, Mwenyezi Mungu amlipe. Walimfikisha hospitali ya Faza, wakampa dawa ya kwanza, wakasema lazima avuke aje Amu apasuliwe. Ilikuwa mwezi wa saba, kusi limekaza. Mnaojua safari ya Pate mnajua mfereji wa Mkanda, maji yakikupwa boti haipiti. Usiku ule maji yalikuwa yamekupwa. Chaguo likawa kungoja maji yajae au kuzunguka nje ya Manda, bahari kuu, gizani, na mgonjwa amelala sakafuni mwa boti. Walizunguka. Tulimpokea gatini alfajiri, nguo zote zimelowa chumvi. Mtoto alikuwa wa kiume. Hakuishi.

Mdogo wangu yeye akahitaji chumba cha wagonjwa mahututi, na hicho ilibidi kitafutwe Mombasa. Kutoka Mokowe kwenda Mombasa ni zaidi ya kilomita 300, na wakati ule barabara ya Garsen ilikuwa bado haijakwisha kutiwa lami. Alikaa kitandani siku tisa. Mumewe ni mvuvi, kijana mwema, hana ubaya wowote, ila kadi yake ya NHIF alikuwa amelipia miezi mitatu ya mwanzo kisha akaacha. Shilingi 500 kwa mwezi, ndiyo kima alichotakiwa kulipa mtu asiye na ajira. Bangili za mahari zikauzwa Mombasa, zote nne, na mkufu. Alhamdulillahi yupo hai, na sasa ana binti. Lakini mimi kila nikishika utepe wa kupimia nikakuta mkono wa mwenye mimba umevimba, nasimama.

Kwa hiyo nisemeni nina nuksi, sawa.

Jambo hili lina upande wa dini, na huko ndiko watu wanakojificha. Wapo wanaosema bima ni haramu, basi wanafunga mazungumzo hapo. Mimi si mwanachuoni, nimesoma madrasa, nikamaliza sekondari, nikaenda kozi ya ushonaji. Ila nimeuliza kwa wanaojua. Baraza la fikihi la nchi za Kiislamu lilikaa Jeddah mwaka 1985 likatazama jambo hili. Bima ya biashara, ile ambayo kampuni inauza kwa faida kwa malipo ya kudumu, ina gharari ndani yake, wakaikataa. Ile ya kusaidiana, watu wachangie mfuko mmoja ili atakayepatwa asaidiwe, wakaikubali. Ndio msingi wa takaful, na Kenya tumekuwa na kampuni ya takaful tangu mwaka 2011. Na mfuko wa serikali ambao sote tunachangia na hakuna mwenye hisa anayegawana faida, masheikh wengi wanauhesabu katika kusaidiana. Wewe muulize sheikh unayemwamini. Lakini uliza kweli, usiwe unasema "haramu" kwa sababu hutaki kutoa shilingi 300.

Kuna jambo jingine ambalo lilinishangaza nilipoambiwa. Nilikuwa naamini matibabu ya mke yamo ndani ya nafaka moja kwa moja, kama chakula na nguo. Kumbe katika vitabu vya zamani vya madhehebu yetu ya Shafi, ada ya tabibu na bei ya dawa hazikuhesabiwa kuwa ni lazima juu ya mume. Wanazuoni wengi wa zama zetu wamesema vingine, kwamba leo matibabu ni haja kama chakula, na hivyo yamo. Mimi nawaunga mkono hao kwa moyo wangu wote, ila mimi ni fundi cherahani. Ninachokiona ni kwamba kama jambo lina khilafu, basi lisiachwe hewani. Dini yetu inamruhusu mwanamke kuweka masharti yake katika ndoa. Watu wanaweka sharti la kumaliza masomo, sharti la kukaa karibu na mama. Kwa nini isiwekwe hii? "Bima ya afya italipwa na mume, kila mwaka, na jina langu liwemo ndani ya mwezi wa kwanza." Lisemwe mbele ya wali na mashahidi. Hakuna mume wa kweli atakayeona aibu, na anayeona aibu kwa hilo ni vizuri mmejua mapema.

Sasa bima gani? Nianze na kosa langu mwenyewe, ili msidhani nazungumza kama mjuzi.

Baada ya yale ya mdogo wangu niliingiwa na hofu. Duka lilikuwa linakwenda vizuri, nikasema nitanunua bima nzuri, ya kampuni binafsi. Akaja ajenti, kijana mtanashati, kadi inang'aa, kikomo cha malipo ni tarakimu nyingi, picha ya familia inacheka. Nikalipa pesa za mwaka mzima, pesa za msimu wa harusi wote. Baadaye nikawa na mimba, nikaitoa kadi. Jambo la kwanza nililoambiwa ni kwamba uzazi una muda wa kungoja. Kampuni nyingi ni miezi 10 hadi 12 tangu siku ya kujiunga, ndipo walipie kujifungua. Mimi nilikuwa na miezi mitano tangu nijiunge. Nikasema haya, basi kliniki na magonjwa ya kawaida. Nikaomba orodha ya hospitali. Ilikuwa na kurasa nyingi, Mombasa tele, Malindi zipo, Nairobi usiseme. Kisiwani kwetu hakuna hata moja. Kadi yangu ilikuwa inafanya kazi vizuri sana, mradi niugue nikiwa Mombasa.

Si kwamba walinidanganya. Hawakuulizwa. Mimi niliangalia kikomo, sikuangalia orodha. Ninanunua kitambaa kwa kukishika, kukivuta, kukitia maji nione kama kinachuja, lakini bima nilinunua kwa kuangalia picha.

Kwa hiyo dada yangu, ukiletewa kadi yoyote ile, swali la kwanza lisiwe "mnalipa mpaka ngapi." Liwe "nikiugua leo usiku nikiwa hapa nilipo, mlango upi utaniangalia kwa kadi hii?" Wakutajie hospitali kwa jina. Kisha wewe mwenyewe, usimtume mtu, nenda hospitali hiyo ukaulize dirishani kama kweli wanaipokea, kwa sababu orodha huchapishwa mara moja na mikataba hukatika katikati ya mwaka. Baada ya hapo uliza muda wa kungoja wa uzazi, na wa maradhi uliyokuwa nayo kabla. Bibi harusi anayetarajia kuolewa mwezi wa shawali, akajiunga siku ya fungate, na akapata mimba mwezi huo huo, miezi 10 haitamngoja. Na uliza swali la watu wa visiwani: boti je? Hilo ndilo wengi hawana jibu lake.

Maoni yangu, na hapa najua kuna watakaonipinga, ni kwamba mtu wa kisiwani mwenye pesa kidogo asianze na bima ya kampuni hata kidogo. Aanze na SHA, kisha aweke akiba ya boti, na kama pesa imebaki ndipo atazame hizo kadi zinazong'aa.

SHA tunailalamikia sote, na tuna haki. Lakini tuielewe. NHIF iliyokuwapo tangu 1966 imeondoka, na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 ni SHA, chini ya sheria ya mwaka 2023. Mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75. Sisi tusio na mshahara, mafundi, wavuvi, wapishi wa mahamri, wapaka hina, tunaulizwa maswali kuhusu nyumba zetu na maisha yetu, kisha tunapangiwa kiasi, na kima cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Ugumu ni kwamba sisi tunatakiwa kulipa mwaka mzima kwa mkupuo. Kwa kima cha chini ni 3,600. Mvuvi wakati wa kusi hatoi 3,600 mara moja, na aliyeweka utaratibu huu nadhani hajawahi kuishi kwa samaki. Kwenye chama chetu tumeligeuza. Sisi wanawake 12, kila mwezi mmoja anapokea, na pesa ya kwanza kutoka kwenye kapu lake inalipa SHA ya nyumba yake mbele yetu, kwa simu, tunaiona ndipo anapewa zilizobaki. Wawili walinung'unika mwanzoni. Mmoja wao amejifungua kwa upasuaji mwezi wa tatu.

Kujiandikisha ni bure na unaweza kufanya kwa simu, *147#, na kitambulisho chako. Wengi wamejiandikisha wakadhani wamemaliza. Kujiandikisha tu kunakupa huduma za mwanzo kwenye zahanati na vituo vya afya, ambazo hulipiwa na serikali. Kulazwa hospitali kubwa au kujifungulia hospitali ya kaunti kunatoka kwenye mfuko wa wanaochangia. Kwa uzazi wa kawaida mfuko unailipa hospitali shilingi 10,000, na wa upasuaji 30,000. Zamani tulikuwa na Linda Mama, hata asiyechangia alijifungua bure hospitali ya serikali, na kuna kina mama mpaka leo wanakwenda wakiamini ipo. Haipo tena kwa namna ile. Waambieni.

Na wewe bibi harusi, kuolewa hakukuingizi kwenye bima ya mumeo. Nikah inakuhalalishia mume, kompyuta ya SHA haikuwepo msikitini. Lazima uongezwe kwa namba ya kitambulisho, kisha uangalie wewe mwenyewe kwamba jina limeingia. Cheti cha ndoa cha kadhi kichukueni mapema, msikiache kwa kadhi mwaka mzima kama watu wengi wanavyofanya. Mtoto akizaliwa naye aandikishwe, halafu aongezwe.

Kicheko kidogo: siku hizi ukienda kutibiwa unathibitishwa kwa alama za vidole. Mteja wangu mmoja alipata homa kali siku nne baada ya harusi, akaenda, mashine ikakataa kila kidole. Piko na hina mpaka kwenye ncha, zimekoza vizuri, sifa kwa mpakaji. Mhudumu akafuta kioo, akafuta tena, mwishowe wakatafuta njia nyingine lakini alikaa kwenye benchi muda mrefu na homa yake. Tangu siku hiyo nawaambia wapakaji hina, dole gumba moja liacheni tupu. Sijaona mume aliyelalamika.

Akiba ya boti ndiyo bima ninayoisimamia kuliko zote. Kadi haiendeshi injini. Ukiwa Amu una afadhali, hospitali ya King Fahd unafika kwa miguu au kwa kubebwa, maana gari haliingii vichochoroni. Lakini aliye Siyu, Tchundwa, Ndau, Kiwayu, au hata Kipungani hapa hapa kisiwani, bila pesa ya mafuta usiku hana hospitali. Ipo boti ya wagonjwa ya kaunti, lakini ni boti na bahari ni kubwa, inaweza kuwa iko upande wa pili. Mwenye mimba akifika miezi saba, nyumba iwe na pesa ya boti imefungwa mahali, haiguswi kwa sikukuu wala kwa msiba, na nahodha amekwisha kuambiwa. Na ujue maji. Ndugu zetu wanaume wanajua bamvua lini na Mkanda unapitika saa ngapi kwa ajili ya samaki na korosho za watu, basi waijue hesabu hiyo na kwa ajili ya mke. Mimi naona bora zaidi mwenye mimba ya kwanza, au aliyewahi kupasuliwa, au mwenye presha, avuke wiki mbili tatu kabla, akae kwa jamaa Amu. Haina aibu. Watu wanahama kwa ajili ya Maulidi.

Tuje kwa madaktari. Kila siku naulizwa, daktari gani mzuri wa kike? Swali la haki, na jibu lake lina uchungu, kwa sababu kwa mambo ya wanawake mabingwa ni wachache na wa kike ni wachache zaidi. Niwaambie nilivyojifunza. Kwanza, wanaokuangalia kwa muda mrefu kliniki ya wajawazito ni wauguzi na wakunga, na wengi wao ni wanawake. Mjue mmoja kwa jina, mpate namba yake, na umheshimu. Pili, kabla ya kuvuka bahari piga simu uulize bingwa yuko zamu siku gani. Nimewaona kina mama wametoka Kizingitini alfajiri wakafika wakaambiwa njoo Alhamisi. Tatu, ziko safari za tiba zinazokuja visiwani, kama Safari Doctors ya hapa kwetu, iliyoanzishwa na Umra Omar, ambao wamekuwa wakienda kwa boti mpaka vijiji vya kaskazini karibu na mpaka wa Somalia. Kwa chanjo, uzazi wa mpango, vipimo vya presha na sukari, watumieni. Lakini hiyo ni safari ya siku, haikungojei usiku wa uchungu.

Na kama daktari aliyepo ni mwanamume? Kuna dada aliniambia bora afe. Nikamwambia hilo hukulipata kwenye dini. Akiwepo mwanamke mwenye ujuzi, nenda kwake, hiyo ndiyo asili. Asipokuwepo na haja ipo, sharia imeruhusu, kwa kadiri ya haja, na awepo mahram au mwanamke mwenzako chumbani. Unayo haki ya kumwambia daktari, "naomba muuguzi akae nami." Nimesema hivyo mara mbili na sijawahi kukataliwa. Ila malalamiko haya ya madaktari wa kike na sisi tuyabebe kidogo. Binti akifaulu sayansi tunaanza kutazama nani ana mtoto wa kiume. Chuo cha KMTC kina tawi hapa hapa Lamu, hata kulala nje ya nyumba haihitaji. Tunataka mkunga Mwislamu wa kike, mwenye buibui, anayesema lugha yetu. Atatoka tumbo la nani?

Kabla ya nikah kuna vipimo viwili vitatu vinavyofaa kuliko kifaa chochote cha sandukuni. Selimundu kwanza. Pwani yetu ni nchi ya malaria, na wabebaji wa chembe hiyo ni wengi, tena sisi tunaoana mtu na binamu yake. Mbebaji hana dalili, yuko mzima kabisa. Wakikutana wawili, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mgonjwa. Sisemi harusi ivunjwe. Nasema mjue. Pili, kundi la damu, lako na la ndugu zako, kwa sababu siku unapopasuliwa damu haitoki Mombasa ikawahi, inatoka kwa kaka yako aliyesimama mlangoni. Na ukiwa na kundi la negativu mwambie mkunga tangu siku ya kwanza, kuna sindano yake.

Na presha ipimwe kila kliniki. Msikose kliniki. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linasema mara nane kwa mimba moja, na wengi wetu tunakwenda tatu. Kuvimba uso na mikono, kichwa kisichosikia dawa, macho kuona ukungu au nyota, maumivu chini ya mbavu upande wa kulia baada ya mimba kupita miezi mitano, hayo si joto wala si kelele za ngoma. Ni siku hiyo hiyo hospitali. Na mkifika mkiulizwa pesa kwanza na mgonjwa yuko katika hatari, katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Semeni kwa adabu lakini semeni, na mtajeni kifungu kwa namba yake. Namba huwa inasaidia.

Shangazi wa mteja wangu aliniudhi kidogo, lakini namwelewa. Kwake kutaja ugonjwa ni kuualika. Mdogo wangu hatukumtajia kitu chochote. Tulimtajia udi na mahaba tu, somo wake alimfundisha kila kitu cha chumbani, na hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia kuhusu mikono iliyovimba. Ukungwi wetu ni mzuri na nautaka uendelee. Siku moja katika zile za ndani, mkunga aitwe naye akae na bibi harusi saa moja. Nimekwisha kumwomba mmoja, amekubali, anataka tu aambiwe siku.

Yule binti alirudi juzi kujaribu gauni, safari hii peke yake. Kiuno kimekaa, bega la kushoto linataka kutiwa ndani kidogo. Akaniuliza kwa sauti ndogo hiyo namba ya simu ni ngapi. Nikamwandikia nyuma ya risiti, nyota 147 reli. Akaniambia mchumba wake ameandikishwa lakini hajalipa, na hajui amwambie vipi kabla ya nikah asionekane ana tamaa. Nikamwambia amtume babake, ni kazi ya wali hiyo. Gauni linachukuliwa Jumatano, inshaallah, na nimemwambia aje na jibu.